Kutoka Kibati mpaka Kibeho: mama kumi na wanne kwenye kilima cha Bikira Maria



Kila mwaka, mwezi wa 8 unapokaribia, swali moja linarudi katika mikutano yetu: je, tuende Kibeho? Wanaouliza wana sababu zao. Mmoja aliweka ahadi kwa Bikira Maria mtoto wake alipokuwa mgonjwa. Mwingine ana bwana asiyejulikana alipo. Wapo pia wanaouliza kwa uchungu: pesa yote hiyo ya kwenda kupanda kilima cha mbali, si ingelipa masomo ya watoto? Na wapo wanaosema kwa sauti ya chini: mutaendaje kusali kule Rwanda, na nyinyi munajua yaliyotupata hapa?

Maswali hayo yote ni ya haki. Tumeona vema kuyajibu kwa kueleza safari yetu wenyewe, ile ya mwezi wa 11 mwaka 2019. Tulikuwa mama kumi na wanne wa Kibati. Tutasema yaliyotufaa na yaliyotuangusha, ili anayetaka kwenda aende akijua, na anayebaki abaki bila kujiona mdogo.

Mmoja kati yetu ndiye aliyetufanya twende. Ametukubalia tueleze habari yake, lakini tusitaje jina. Mwisho wa mwezi wa 10 mwaka 2008, vita vilipokaribia Goma na watu wa kambi ya Kibati wakakimbia, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mfuko wa unga kichwani, na kijana wake wa miaka saba akimshika kitenge. Barabara ilijaa watu, mbuzi, chukudu na magari ya askari. Karibu na Munigi aligeuka akakuta kitenge hakishikwi tena na mtu. Tangu siku ile hajamuona. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisema: "Siku moja nitaenda kumuuliza Mama Maria uso kwa uso, kijana wangu yuko wapi."

Basi ndipo tulipoamua.

Pesa, karatasi na watoto wa kuacha nyumbani

Jambo la kwanza lilikuwa pesa. Tulikatazana tangu mwanzo: hakuna mama wa kuuza mbuzi, wala wa kuchukua pesa ya masomo, wala wa kukopa dukani kwa ajili ya safari. Likirimba yetu ya kila juma tuliiacha kama ilivyo, tukafungua sanduku la pili, la safari tu. Kila mmoja aliweka kidogo kidogo kwa miezi tisa, kutoka kwenye makala, viazi, sambaza au kibarua cha shamba. Wawili hawakuweza kumaliza. Mmoja tulimuongezea, na mwingine alisema mwenyewe afadhali abaki mwaka ule. Hatukumcheka, na pesa yake alirudishiwa yote.

Jambo la pili lilikuwa mabwana. Bwana mmoja alikataa kabisa. Mama zetu wawili wenye umri mkubwa walikwenda kuketi naye jioni, si kwa kugombana, bali kwa kumuuliza anachoogopa. Kumbe hakuogopa sala. Aliogopa kwamba mke wake hatarudi kwa wakati wa kuvuna maharage. Tulimuahidi siku nne, na tulirudi siku ya nne.

Jambo la tatu lilikuwa karatasi. Wengi wetu tulikuwa tumezoea kuvuka Petite Barrière asubuhi na kurudi jioni kwa jetoni. Lakini jetoni ilikuwa ya kufika Gisenyi na kurudi siku ileile, haikuweza kutufikisha Kibeho. Tulihitaji karatasi ya safari ya kweli, na hiyo ilichukua majuma na pesa kuliko tulivyofikiri. Sheria za mpaka zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo mama anayetaka kwenda leo aulize kwanza ofisini kabla ya kuweka hata franka moja kwa gari.

Jambo la nne, watoto. Hapa tunataka kumshukuru mama mmoja wa Kiprotestanti wa kikundi chetu. Yeye haendi kwa Bikira Maria, na alitueleza hivyo bila kuzunguka. Lakini alisema: "Mimi nitabaki na watoto wenu. Nyinyi muombee na wa kwangu." Alilisha watoto kumi na mmoja kwa siku nne. Hija yetu ilisimama juu ya mgongo wake, na hatukutaka hilo lisahaulike.

Njiani

Tulitoka Kibati kabla ya kupambazuka, tukashuka Goma kwa pikipiki, mbili mbili. Juu yetu Nyiragongo ilikuwa imeweka wekundu wake mawinguni. Bibi zetu walikuwa wakituambia kwamba mlima ule ni makao ya roho za wafu, na kwamba walio wema wanakwenda Karisimbi kwenye baridi na theluji, wabaya wanatupwa Nyiragongo kwenye moto. Jina lenyewe linaanza kwa "Nyira", kama majina ya wanawake. Kwa hiyo hata kabla ya mapadri kufika, watu wa hapa walijua kuna milima ambayo mtu haitazami bure.

Mpakani, wakati ule wa Ebola, tulinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto, mmoja baada ya mwingine. Halafu tukapata hasara yetu ya kwanza ya kijinga: posho yetu ilikuwa katika sashe, na Rwanda haikubali sashe za plastiki. Mikate, karanga na viazi vya kuchemsha, vyote tulivifunga upya katika vitenge pale pale barabarani. Nyinyi mutakaokwenda, mubebe vikapu.

Gari dogo tulilokodisha Gisenyi lilipita Mukamira, Ngororero, Muhanga, Ruhango na Nyanza hadi Huye, mji ambao wazee wetu wanauita Butare. Ni vilima na mikunjo siku nzima. Mama watatu walitapika. Kutoka Huye mpaka Kibeho ni karibu kilomita 30, na mvua ya mwezi wa 11 ilikuwa imefanya matope. Tulipokaribia, tulimwomba dereva atangulie na mizigo. Tuliteremka tukatembea kwa miguu muda wa saa moja na nusu, rozari mkononi, kwa sababu tulikubaliana kwamba hatutafika mbele ya Mama Maria tumeketi. Njiani tulikutana na makundi ya watu waliotembea tangu Huye, na wengine waliotoka mbali zaidi. Waliimba, nasi tukaimba.

Kilichotokea Kibeho

Sisi walimu tunapenda kueleza habari ya Kibeho kwa sababu ilianzia shuleni, tena katika chumba cha kulia.

Ilikuwa tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 1981, saa sita na nusu ya mchana. Katika shule ya wasichana ya Kibeho, mwanafunzi wa miaka 16, Alphonsine Mumureke, alikuwa akiwahudumia wenzake chakula. Alisikia sauti ikimuita mwanangu. Alitoka nje ya chumba, akaona mwanamke mzuri, akamuuliza wewe ni nani. Mwanamke akajibu kwa Kinyarwanda kwamba yeye ni Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno.

Unafikiri shule ilimuamini? Hapana. Wenzake walimcheka, wakasema ni mgonjwa wa kichwa au ana pepo. Walimu nao walikuwa na mashaka. Tarehe 12 mwezi wa 1 mwaka 1982, mwanafunzi wa pili, Nathalie Mukamazimpaka, akaona naye. Kisha tarehe 2 mwezi wa 3, akaona Marie Claire Mukangango, ambaye ndiye aliyekuwa akimcheka Alphonsine kuliko wote.

Kanisa halikukimbilia kukubali. Katika mwaka huohuo wa 1982 kuliwekwa tume ya waganga na tume ya wanateolojia wachunguze wasichana wale. Waliwapima, wakawauliza, wakasubiri. Mwaka 1988 askofu wa Butare aliruhusu watu kusali pale hadharani. Alphonsine alisema mara ya mwisho kumuona Mama ilikuwa tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 1989. Ni mpaka tarehe 29 mwezi wa 6 mwaka 2001 ndipo Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alipotangaza kwamba Kanisa linakubali ushuhuda wa wasichana hao watatu. Hesabu miaka: karibu ishirini ya kuchunguza. Tunasema hivi kwa ajili ya mama wanaokimbilia kila mtu anayesema ameona ndoto usiku wa jana na anataka sadaka kesho asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kuliruka. Mwezi wa 8 mwaka 1982, wasichana walilia na kutetemeka mbele ya watu, wakisema wanaona damu, miti inayowaka na watu waliokufa bila kuzikwa. Miaka kumi na miwili baadaye, mwezi wa 4 mwaka 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humo. Tena tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 1995, katika kambi kubwa ya wakimbizi wa ndani palepale Kibeho, watu wengi walipigwa risasi na kukanyagana. Kilima kimoja, mara mbili katika muda wa karibu mwaka mmoja. Marie Claire naye hakuiona mwisho wa miaka ile.

Kwa hiyo anayekwenda Kibeho asidhani anakwenda bustanini. Unapiga magoti mahali ambapo mama wengi walilia. Sisi wa Kibati, ambao mama zetu waliona wakimbizi wa mwaka 1994 wakianguka kwa kolera kati ya Munigi na Kibumba, tulijua udongo wa namna hiyo tangu kwetu.

Fungu la tatu

Tulifika tarehe 27 jioni. Vyumba vya masista vilikuwa vimejaa, tukalala kwenye mikeka, tumebanana kwa sababu ya baridi. Usiku kucha watu walisali. Asubuhi ya tarehe 28 uwanja mbele ya kanisa ulijaa mpaka hatukuona mwisho: Wanyarwanda, Waganda, Warundi, Watanzania, Wakongo wa Bukavu na wa Goma. Lile bweni la wasichana limefanywa kapela, na foleni ya kuingia ilikuwa ndefu.

Huko wanasali Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria, ambayo Marie Claire alisema aliagizwa kuirudisha kwa watu. Ina mafungu saba, na kila fungu lina Salamu Maria saba. Fungu la kwanza ni maneno ya mzee Simeoni hekaluni. La pili ni kukimbilia Misri na mtoto mchanga, na hilo hakuna mama wa Kibati anayehitaji kufundishwa. La tatu ni Maria kumpoteza mtoto wake njiani kwa siku tatu.

Tulipofika fungu la tatu, mama yetu hakuweza kuendelea. Rozari ilisimama mkononi. Alikaa chini kwenye majani, akafunika uso kwa kitenge kilekile ambacho kilikuwa hakishikwi. Sisi tulijua, tukanyamaza. Ila mwanamke mmoja Mnyarwanda, mzee kidogo kuliko sisi, hakujua kitu. Alisogea, akamshika mkono, akaendelea kusali Salamu Maria kwa ajili yake kwa Kinyarwanda mpaka fungu likaisha. Kisha akamuuliza polepole: "Ni mtoto?" Mama yetu akaitika. Yule mwanamke akanyoosha vidole vitatu. Watatu.

Hatukumuuliza ni mwaka gani. Hatukumuuliza ni nani aliyewaua, wala yeye hakutuuliza sisi wa Kongo ni watu wa upande gani. Walikaa wameshikana mikono mpaka mwisho wa rozari. Wale wanaotuuliza tunaendaje kusali kule, jibu letu ni hilo tuliloliona. Vita havikwisha kwa sababu ya mikono miwili ile, tunajua. Lakini tangu siku hiyo sisi hatuwezi tena kusema "wale watu" kama tulivyokuwa tukisema.

Kina mama wa India nao wanapanda

Jioni ile, tukila viazi vyetu, mama mmoja alituambia jambo lililotufanya tufikiri. Wakati askari wa India wa Umoja wa Mataifa walipokuwa na kambi yao karibu na kwetu, yeye alikuwa akifua nguo zao. Katika kona ya kambi kulikuwa na kibanda kidogo chenye picha ya mwanamke mwenye mikono mingi aliyeketi juu ya chui milia, amevalishwa kitambaa chekundu. Askari walivua viatu kabla ya kumsogelea. Alipouliza, mmoja akamwambia kwa kifupi: "Mama." Mama yetu alicheka wakati ule. Kibeho, hakucheka tena.

Kwa hiyo tulisoma kidogo tuliporudi. Wahindu, yaani wafuasi wa dini kubwa ya India, wana vilima vingi wanavyopanda kumwendea Mama. Kinachojulikana sana ni kile cha Vaishno Devi, katika milima ya Trikuta huko Jammu, kaskazini mwa India. Watu wanaanzia mji wa Katra, wanapanda kwa miguu karibu kilomita 13 mpaka kwenye pango lililo kwenye urefu wa mita zaidi ya 1,500. Ndani ya pango hakuna sanamu kubwa. Kuna mawe matatu ya asili yaliyotoka mwambani, na wanasema ni sura tatu za Mama mmoja: Kali, Lakshmi na Saraswati. Wanapeleka nazi na kitambaa chekundu chenye ukingo wa dhahabu. Njiani wanasalimiana wote kwa salamu moja ya kumsifu Mama, tajiri na maskini. Siku za Navaratri, ambazo ni usiku tisa wa sala, watu wanakuwa wengi zaidi. Mwaka 2023 waliopanda walipita milioni 9.

Hatusemi kwamba imani zetu ni moja. Si moja, na kila mtu anajua ya kwake. Tunachosema ni kwamba huko nako mama anapanda na mtoto mgongoni kwa sababu hana mtoto wa pili, au kwa sababu wa kwanza anaumwa, au kwa kushukuru. Angepita Kibati tungemjua mara moja kwa mwendo wake.

Nao wana somo kwetu juu ya usalama. Alfajiri ya tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2022, watu 12 walikufa pale Vaishno Devi kwa kusongamana. Mahali patakatifu hapazuii watu kukanyagana. Mama mwenye mtoto mchanga asiingie katikati ya umati ili aguse mlango. Akae pembeni. Sala inafika.

Juu ya maji

Chini ya kilima cha Kibeho kuna chemchemi ambayo mahujaji wanachota maji. Sisi pia tulishuka na bidoni zetu ndogo tukachota. Kila mama alirudi na lake, na katika siku ya kwanza tu nyumbani majirani walikuja kuomba.

Hapa tuzungumze kama mama kwa mama. Mmoja wetu alirudi akakuta mtoto wake ana homa kali. Alimpa maji ya Kibeho jioni, asubuhi, na jioni tena, akisubiri. Siku ya tatu mtoto alianza kushtuka-shtuka. Tulimbeba kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, ilikuwa malaria, na Mungu alisaidia akapona. Mama yule mwenyewe ametuomba tuandike hili. Maji ya Kibeho ni ya sala. Homa ya mtoto ni ya kupelekwa kituo cha afya siku ileile, na unaweza kusali ukiwa njiani. Hata Kanisa lilipotaka kuwachunguza wasichana wa Kibeho liliita waganga.

Tena mujihadhari na wanaouza chupa sokoni wakisema ni maji ya Kibeho. Maji yale hayauzwi na mtu aliyekwenda kwa imani. Kama unayataka, omba kwa mtu unayemjua.

Alichorudi nacho

Sasa munauliza: na kijana, alipatikana?

Hapana. Tulirudi siku ya nne, na kijana hakuwa mlangoni. Majuma ya kwanza mama yetu alikuwa na hasira, na sisi tuliogopa kwamba tulimpeleka bure. Alisema: "Nilimuuliza, hakunijibu." Hatukuwa na la kumwambia. Tulikwenda kwake kila Alhamisi, tukachambua maharage pamoja, basi.

Halafu siku moja alituambia kwamba maneno ya fungu la tatu hayamtoki. Alisema: "Maria hakukaa nyumbani kusubiri. Alirudi barabarani akauliza watu." Akatuomba tumsindikize kwa Msalaba Mwekundu, ambako mara ya mwisho alikuwa amekwenda mwaka 2009. Aliandikisha upya jina la kijana, umri wake wa sasa, kovu la kwenye goti, majina ya babu zake. Faili lake liko hai tena.

Mwaka uliofuata corona ikafunga mpaka. Kisha Jumamosi ya tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ikapasuka. Nyinyi nyote munakumbuka usiku ule: moto ukishuka, watu wakikimbia kuelekea Goma, Sake na Rwanda, na watoto wengi wakipoteana na wazazi wao. Mama yetu alikuwa mmoja wa waliokimbia. Lakini alibeba daftari. Njiani, kila mtoto aliyemuona peke yake alimsimamisha, akamuuliza jina, jina la mama, kijiji, na nani aliyekuwa naye. Alilala kwenye darasa moja huko Sake na watoto tisa wasio wake. Aliwapeleka mwenyewe kwa wanaoandikisha watoto waliopotea, na hakuondoka mpaka kila mmoja ameandikwa. Saba walikutana na wazazi wao katika juma lile la kwanza. Wawili walichukua muda mrefu zaidi, lakini walifika.

Tulipomuuliza alipata wapi nguvu, alisema aliwaona wote wana miaka saba.

Kwa anayekwenda na kwa anayebaki

Mama wapenzi, hatuwezi kumwambia yeyote aende au asiende. Kuna miaka ambayo njia imefungwa, na kuna miaka ambayo mfuko umefungwa. Tunachoweza kusema ni haya.

Kama unakwenda, usiende peke yako, wala usiende na deni. Tengeneza ugomvi wa nyumbani kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu utaubeba mlimani na ni mzito. Mwachie mtoto mtu unayemuamini, na umletee kitu. Usiwaahidi watoto kwamba baba atarudi au kwamba ugonjwa utakwisha kwa sababu mama amepanda kilima.

Kama unabaki, Rozari ya Mateso Saba haihitaji karatasi ya mpaka. Tunaisali pamoja Ijumaa saa kumi ya jioni, na asiye Mkatoliki anakaribishwa kuketi nasi na kazi yake ya mikono.

Na wote, wa dini yoyote, tunaomba jambo moja juma hili. Kaeni na kila mtoto wa zaidi ya miaka mitatu, mumfundishe kusema jina lake lote, jina la mama, jina la baba, na kijiji chake. Kwa wadogo zaidi, andikeni namba ya simu kwa kalamu ya wino ndani ya nguo, kwenye pindo. Sisi walimu wa darasa la kwanza tumeanza kuwauliza watoto hayo kila asubuhi ya Jumatatu kabla ya hesabu. Mama yetu anakuja kusaidia. Anasimama mbele ya darasa na daftari lake, anawauliza mmoja mmoja, na hakuna anayeketi kabla ya kujibu.